Msimu Tuliompima Rubani Macho

Jumatatu, 2 Machi

Daktari amenipa daftari hili niandike kila siku dari linavuja kiasi gani, ili mwenye nyumba akibisha tena awekewe ushahidi mezani. Mimi ni fundi wake wa miwani, huu mwaka wa kumi na nne. Yeye anapima macho chumba cha nyuma, mimi nakata lenzi na kuzikaza kwenye fremu chumba cha mbele. Leo mvua ilianza saa mbili asubuhi. Beseni moja, imejaa nusu. Naona ukurasa unabaki mweupe mno, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Jumatano, 4 Machi

Beseni moja. Mteja amerudisha miwani akidai inamwonyesha vumbi ambalo nyumbani kwake halikuwapo.

Jumatano, 11 Machi

Beseni mbili. Ya pili iko juu ya kabati la vifaa vya Daktari, na kadi yetu ya kupimia usomaji wa karibu imeloa hadi ikawa uji. Bahati mbaya hiyo imeniletea siku nzuri kuliko zote za mwezi huu.

Aliyekuja kupimwa alikuwa Balozi, jina la shuleni la mwenzangu niliyesoma naye sekondari. Ni mwaka huu tu wanadarasa wenzangu wameanza kumiminika hapa dukani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema maandishi ya siku hizi yamekuwa madogo. Tumefika umri huo. Macho hayaulizi mtu alikuwa wa ngapi darasani.

Kadi haipo, nikakumbuka kwamba kwenye mkoba nina lile gazeti la darasa tulilolibandika ukutani mwaka wa mwisho. Spika, mwenzetu mwingine wa darasa, ameniomba nilipige kopi kwa ajili ya mkutano wetu wa Mei, maana mwaka huu tunatimiza miaka ishirini na mitano tangu tumalize shule. Ukurasa wa mwisho una kichwa kinachosema "Tutakuwa Nani". Daktari akampa ausome, ndiyo ikawa kadi.

Balozi alilisogeza gazeti mbali, akalisogeza tena, mkono ukamwishia. Daktari alipomwekea lenzi akasoma kwa sauti: "Balozi ataiwakilisha nchi ughaibuni, atazungumza lugha saba, na atakuwa na dereva."

Akacheka mpaka Daktari akashindwa kuendelea. Leo Balozi ni mkuu wa shule ya chekechea yenye watoto tisini.

"Dereva sina," alisema. "Lugha ninazo mbili na nusu. Ila nakuapia, kila siku saa nne nasuluhisha vita vya bembea, na hakuna balozi yeyote anayeviweza."

Akaniuliza kama bado nakohoa. Shuleni jina langu lilikuwa Kikohozi. Nikamwambia kifua kilipona zamani.

Alhamisi, 12 Machi

Beseni mbili. Spika naye amekuja. Alitaka kuwa rais, na alikuwa akihutubia foleni ya chakula hadi uji unapoa. Sasa ni dalali wa mnada. Amesoma ukurasa mzima kwa sauti ya mnadani, wateja wa duka la jirani wakatoka nje kuangalia kuna nini.

Jumanne, 17 Machi

Beseni mbili na sufuria.

Amekuja Rubani. Tulikaa dawati moja miaka minne, na hata sasa akipita hapa hunipigia kioo kwa kucha. Ni mwendesha kreni kwenye lile jengo refu linalojengwa barabara ya pili. Shuleni alikuwa amechora ndege kwenye kila daftari, hata la maarifa ya dini, na akitembea akikunja kona alikuwa akiinamisha mabega.

Alinikuta nikimkazia Balozi miwani yake, akaicheka. Akachukua gazeti, akasoma zile herufi ndogo kabisa za chini bila hata kufinya macho.

"Nyinyi mmeshazeeka," alisema. "Mimi hata mkataba wa simu nausoma gizani."

Balozi alimwonea wivu. Mimi sikumwonea, kwa sababu najua kazi yangu. Mtu wa umri wetu anayesoma vidogo vya karibu bila shida, mara nyingi ndiye asiyeona vya mbali. Na wakati anaondoka, Spika alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, mwili mzima ule na shati jekundu. Rubani alimpita kama nguzo.

Jumatatu, 23 Machi

Beseni tatu. Mwenye nyumba alikuja, akatazama dari, akasema hilo ni jasho la jengo.

Jumamosi, 28 Machi

Leo tumefunga saa saba. Rubani alikuwa ananisubiri nje chini ya mwavuli, hana masihara yake ya kawaida. Tukaenda kukaa kwenye kibanda cha chai.

Akanieleza kwamba kuna kampuni nyingine ambayo kreni yake ilimwangushia mtu mzigo. Kwamba sasa waendesha kreni wote wanatakiwa walete cheti cha macho kabla ya kazi kurudi kasi baada ya mvua. Kwamba fomeni wake ameelekeza watu kwa Daktari wetu.

"Sasa vizuri," nilimwambia. "Njoo upimwe."

Akanitazama. "Ndugu yangu, unajua ninachokuomba."

Nilijua. Na kwa kuwa daftari hili hakuna anayelisoma zaidi ya mistari ya beseni, nitaandika.

Mwaka wa mwisho wa shule, chuo cha urubani kilitaka fomu iliyosainiwa na nesi wa shule kwamba macho ni mazima. Ya Rubani hayakuwa mazima. Ubaoni alikuwa akinakili kutoka kwangu, mimi nikinakili kutoka ubaoni. Chati ya nesi ilikuwa ile ya herufi E zinazogeuziwa miguu huku na huku. Tukakubaliana: nikikohoa mara moja, miguu iko juu; mara mbili, chini; mara tatu, kulia; mara nne, kushoto. Tulifanya mazoezi wiki tatu nyuma ya bweni. Matroni akanisikia, akaninywesha dawa ya kifua asubuhi na jioni kwa muda wote huo, na jina la Kikohozi likazaliwa. Mimi nilitaka kuwa mtangazaji wa mpira. Matroni alisema labda nitangaze mechi za hospitalini.

Siku yenyewe nilikaa kwenye benchi la wanaosubiri, nikakohoa kufa na kupona. Nyuma yangu kulikuwa na mwanafunzi mwenye mafua ya kweli. Akakohoa mara moja, na Rubani akajibu "Juu!" kabla nesi hajanyanyua fimbo. Nesi alidhani ni mwepesi wa akili. Akasaini.

Tulilicheka jambo hilo kwa miezi miwili, mpaka alipokwenda chuoni. Huko walimpima upya, peke yake, mlango umefungwa. Aliporudi aliwaambia watu wote kwamba nafasi zilikuwa zimejaa. Mimi tu aliniambia ukweli. Alisema alisimama mbele ya chati dakika nzima akisikiliza, mpaka yule afisa akamuuliza anasikiliza nini.

Leo amesema, "Kohoa tu. Mistari mitano. Nina miaka kumi na minane kwenye kile kibanda cha juu, sijamgusa mtu hata kwa bahati mbaya. Chini kuna mtoa ishara, ana redio, ananiambia kulia, kushoto, shusha. Kwangu ni kazi ya masikio."

Nikamwambia avae miwani, hakuna sheria inayokataza.

"Miwani ndiyo iliyonifukuza kule chuoni. Siivai."

Ana watoto wanne. Kazi nyingine haijui. Nikamwambia sawa.

Jumapili, 29 Machi

Duka limefungwa, sijui kumevuja kiasi gani. Nimemsimulia mke wangu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonisumbua. Aliendelea kukunja nguo, kisha akauliza, "Wewe ungepita chini ya mzigo wa shemeji?"

"Ningepita."

"Haya," alisema, akaendelea kukunja.

Jumatano, 1 Aprili

Beseni tatu. Nimepanga siku ya Rubani: Alhamisi ijayo, saa tano. Tangu bega la Daktari lianze kumsumbua, fimbo ya kuonyeshea herufi huishika mimi, kwa hiyo nitakuwa chumbani. Mambo yamejipanga yenyewe, na sipendi yanavyojipanga.

Alhamisi, 2 Aprili

Beseni tatu. Nimevunja lenzi mbili kwenye jiwe la kusagia. Kwa miaka miwili sijavunja hata moja.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua imepungua mchana, beseni moja tu. Nimepeleka miwani kwa mteja wa barabara ya pili, na jengo liko njiani. Kreni ilikuwa inazunguka na furushi la nondo, juu kabisa. Njia ya watembeao kwa miguu inapita kando ya uzio, upande wa jengo. Watu walikuwa wanapita bila wasiwasi. Mimi niliona miguu yangu imeshashuka barabarani, imevuka, inatembea upande wa pili kwenye matope. Sikuiamuru. Nilisimama pale nikiwa na matope mpaka kifundoni, nikajiona mnafiki aliyekamilika.

Sikumpigia simu kumwambia nimebadili nia. Ningeweza. Nilijiambia kwamba labda atasoma mwenyewe, labda ameona nafuu, labda Daktari atakuwa na haraka. Nimejitia hamnazo tangu mchana hadi sasa.

Alhamisi, 9 Aprili

Beseni tatu, sufuria mbili, na ndoo ya kupigia deki.

Alikuja saa tano kasorobo amevaa shati lililopigwa pasi, la kwendea harusini. Alimwamkia Daktari kwa heshima zote, akauliza hali ya bega. Akaketi. Alipopita karibu yangu alinifinya kiwiko, kama tulivyokuwa tukifanya kabla ya mtihani.

Daktari akamfunika jicho la kushoto. Nikaweka fimbo kwenye mstari wa kwanza, E moja kubwa. "Kulia," akasema, sawa. Mstari wa pili akapata. Wa tatu akapata mbili, moja akabahatisha, ikawa sahihi. Nikashusha fimbo kwenye mstari wa nne.

Dari lilikuwa linadondosha chumba cha mbele, tone kwenye beseni, tone kwenye ndoo. Aliinamisha kichwa kidogo upande wangu. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, unaniamini. Kikohozi cha kweli kikanijia, nikakimeza. Nikakimeza tena. Machozi yakanitoka kwa kukizuia.

"Bwana," Daktari akamwuliza, "kuna kitu unasikiliza?"

Sikujua kwamba maneno yale yangeweza kutoka kinywani mwa mtu mwingine, baada ya miaka yote hiyo, hayana ubaya wowote. Rubani akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Hapana, Daktari. Hakuna kitu."

Kuanzia hapo hakujibu. Daktari hakumlazimisha. Akamvalisha ile fremu nzito ya majaribio, akatia lenzi moja, akaibadilisha, akatia nyingine. Hasi moja na robo tatu, lenzi za kuonea mbali, macho yote mawili. "Sasa soma." Rubani akasoma mstari wa nne, wa tano, wa sita, hadi ule wa mwisho ambao mimi mwenyewe huusoma kwa kuukariri. Alisoma polepole, sauti ikizidi kushuka, kama mtu anayejisomea mashtaka.

Daktari ameandika cheti: anafaa kazini, kwa sharti avae miwani muda wote. Alimweleza kwa upole kwamba ni jambo dogo, nusu ya mji inavaa. Rubani akashukuru. Fremu hakuchagua. Mlangoni alinigeukia.

"Asante, Kikohozi," alisema.

Shule nzima iliniita hivyo. Yeye hakuwahi, hata siku moja. Akatoka kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Ijumaa, 10 Aprili

Beseni tatu. Nimempigia simu mara mbili, hakupokea.

Jumanne, 14 Aprili

Beseni mbili. Daktari ameniuliza kama nililia siku ile kwa sababu ya vumbi la lenzi. Nikasema ndiyo. Akasema vumbi la lenzi halijawahi kumliza mtu.

Jumamosi, 18 Aprili

Mke wa Rubani amepita dukani kununua kitambaa cha kufutia miwani, na hana miwani. Amezungukazunguka, mwisho akasema, "Shemeji, mwenzio hali vizuri. Wamemweka stoo anahesabu kofia za kazi, mpaka alete hiyo miwani. Hataki kusema mligombania nini."

"Hatukugombana, shemeji. Mimi ndiye niliyemkosea."

"Ulimkosea lini?"

Nilitaka kusema Alhamisi ile. Nikajikuta nimesema, "Zamani."

Alipoondoka nilifungua droo ya fremu. Nimechagua moja ya chuma chepesi, yenye kamba ya kuzungushia kisogoni isije ikaanguka kutoka juu. Kwa vipimo vya uso wake sihitaji rula. Umbali kati ya mboni zake naujua, nimeketi kando ya uso ule miaka minne.

Jumanne, 28 Aprili

Beseni moja. Nimezikata lenzi zake leo. Nimezisaga kwa mkono kingo zote, jambo ambalo mashine hulifanya kwa dakika tatu; mimi nimetumia asubuhi nzima. Hajaziagiza. Ziko kwenye kasha, kasha liko mfukoni mwangu.

Jumatatu, 4 Mei

Manyunyu. Hakuna beseni.

Jumamosi, 9 Mei

Mkutano wa darasa umefanyika kwenye uwanja wa mnada wa Spika, katikati ya makabati na magodoro ya watu. Tumefika kumi na saba. Saba kati yetu wamevaa kazi ya mikono yangu, na nilijisikia fahari nisiyostahili.

Spika alipanda juu ya meza ya chakula iliyokuwa inasubiri mnunuzi, akafungua gazeti letu, akaanza kunadi ndoto zetu moja moja. "Hapa nina ubalozi, haujatumika, bado uko kwenye nailoni yake! Nani anautaka?" Dau halikuwa pesa, lilikuwa kazi: mmoja akasema ataosha vikombe vyote, mwingine akapanda dau kwa kuimba wimbo wa shule hadi ubeti wa mwisho. Balozi alipigana kuununua ubalozi wake mwenyewe, akaukosa, ukaenda kwa fundi bomba. Utangazaji wangu wa mpira ulinunuliwa na mwalimu wa hesabu, akatakiwa atangaze papo hapo mechi ya kuku wawili waliokuwa wanagombana uani. Alitangaza vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Tulivunjika mbavu.

Kisha Spika akasoma, "Urubani." Akatazama huku na huku. "Urubani, mara ya kwanza." Kiti chake kilikuwa kitupu na kila mtu alijua ni chake, kwa sababu nilikiweka mimi. "Mara ya pili." Hakuna aliyenyanyua mkono, hata kwa utani. Spika, ambaye sijawahi kumwona amekosa neno, alikunja gazeti akasema hiyo mali ina mwenyewe.

Baadaye mmoja akauliza, hivi kwa nini nilikuwa naitwa Kikohozi. Nikasema nilikuwa na kifua. Hiyo siri si yangu peke yangu.

Jumanne, 12 Mei

Jua. Dari kavu. Sikwenda dukani asubuhi, nimekwenda kwenye jengo.

Fomeni alinipokea getini, akaona kasha, akasema afadhali, maana stoo kofia zimeshahesabiwa mara nane. Akaenda kumwita. Rubani akaja, amekonda mashavu. Hakuniamkia. Akafungua kasha, akaigeuza miwani, akavuta ile kamba ya kisogoni kuona kama inashika. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa lenzi, pale niliposaga kwa mkono.

"Nilikuharibia," nilimwambia. "Ningekataa tangu siku ile ya nesi, ungevaa miwani ukiwa na miaka kumi na minane."

"Ningekuchukia," alisema.

"Ndiyo."

Akaitia miwani mfuko wa kifuani, akafunga kifungo, akaanza kupanda ngazi. Nilijua ataiacha humo mfukoni. Nilitoka nje ya geti nikasimama kwenye uzio, upande ule ule wa njia ya watembea kwa miguu, chini kabisa ya mkono wa kreni. Sikuvuka barabara.

Ilichukua muda. Kreni ikanguruma, ikanyanyua furushi la nondo kutoka kwenye lori, ikaanza kulizungusha. Likafika usawa wa ghorofa ya pili likasimama. Sikuona sababu ya kusimama; mtoa ishara naye alikuwa anatikisa mkono, anauliza kulikoni. Kisha likaanza kushuka, taratibu sana, inchi kwa inchi, mpaka likalala chini pale pale lilipotoka. Vijana wa kazi wakafungua ndoano, wakatazama juu.

Simu yangu ikalia.

"Umevaa shati la bluu," alisema Rubani.

"Nimevaa."

"Na kipara nakiona."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilisikia upepo wa kule juu, na redio ya mtoa ishara ikimwita, naye haijibu.

"Hawa watu wote," alisema.

"Watu gani?"

"Hapa chini. Kuna mmoja amekaa kwenye matofali anakula. Kuna mama anapita na ndoo. Wawili wanacheka, mmoja amevua kofia anajikuna. Wananitazama. Nawaona wananitazama usoni." Akavuta pumzi. "Siku zote wako wengi hivi?"

"Siku zote," nilimwambia.

Halafu nikamsikia anahesabu, kwa sauti ndogo, si kwangu: mmoja, wawili, watatu. Alipotea kwenye kumi na tisa kwa sababu walikuwa wanatembea, akaanza upya. Sikukata simu. Nilishika uzio nikamsikiliza mpaka akafika arobaini na mmoja.